Kuteua Eneo Katika Uchoraji wa Kidijitali: Mwongozo Kamili kwa Mfano wa Mlango wa Nakshi na Ngalawa

Zana za uteuzi ndizo zinazoiambia programu rangi ianzie wapi na iishie wapi. Wachoraji wengi huzitumia mbili tu, ile ya mstatili na ile ya kuzungushia kwa mkono, kisha hupoteza muda mrefu wakifuta kwa kifutio rangi iliyovuka mpaka. Mara nyingi kosa si la mkono. Kila kitu kwenye mchoro kina ukingo wa namna yake, na zana iliyochukuliwa haikuufaa ukingo huo.

Mwongozo huu unafuata mchoro mmoja tangu mwanzo hadi mwisho: bango la ukubwa wa A4 la Bagamoyo. Kushoto kuna mlango wa nakshi wa Mji Mkongwe, bawa moja limeachwa wazi kidogo. Kulia kuna ufuko, minazi miwili, na ngalawa iliyotweka tanga. Mchoro wa namna hii una karibu kila aina ya ukingo: miimo iliyonyooka, nakshi zenye mikunjo midogo, misumari ya shaba ya mviringo, tanga lenye upinde, kamba nyembamba na makuti ambayo hayashikiki kirahisi. (Nakshi hukaa upande wa nje wa mlango, unaotazama barabara. Anayechora bahari ikionekana kupitia mlango huohuo, huku nakshi zikimtazama mtazamaji, atasahihishwa na mtoto yeyote wa mji.)

Maelekezo yanafuata Krita, programu ya bure inayofanya kazi kwenye Windows, Linux na macOS. Majina ya amri tumeyaacha kama yanavyosomeka kwenye menyu zake. Anayetumia GIMP au Photoshop atakuta mambo yaleyale, na pale ambapo tofauti ni kubwa tumeitaja.

Kabla ya kuteua chochote

Fungua karatasi mpya ya pikseli 2480 kwa 3508. Hiyo ni A4 kwa ubora wa nukta 300 kwa inchi, unaotosha kwa uchapaji. Kwa ukubwa huo, leya moja (tabaka la mchoro linalolala juu ya jingine) iliyojaa rangi huchukua takriban MB 35 za kumbukumbu, kwa hiyo kompyuta yenye RAM ya GB 4 itaanza kuchoka leya zikiwa nyingi. Usifungue leya thelathini bila sababu.

Kuanzia chini kwenda juu, panga leya hizi na uzipe majina: anga, bahari, ngalawa, minazi, ukuta, mlango, na juu kabisa mistari. Leya ya mistari ibebe mistari mieusi peke yake, bila rangi nyingine na bila mandhari nyeupe. Zana inayoteua kwa kufuata rangi husoma kile kilicho kwenye leya, na mistari ikichanganyika na rangi haitakuwa na kitu safi cha kusoma. Mchoro wa awali wa penseli uweke kwenye leya yake pia, kisha uifiche kabla ya kuanza rangi.

Uteuzi ni kiwango, si mstari

Mstari wa vidoti unaotembea kuzunguka eneo ulilochagua haukwambii ukweli wote. Unaonyesha mpaka tu. Kompyuta yenyewe inashika picha nyingine ya kijivu iliyolala juu ya mchoro wako, ambamo kila pikseli ina namba kuanzia 0 hadi 255. Namba 0 ina maana pikseli hiyo haijateuliwa na brashi haiwezi kuigusa. Namba 255 imeteuliwa kikamilifu. Namba 128 imeteuliwa nusu: ukipaka nyekundu hapo, itapokea nusu ya nyekundu na kubaki na nusu ya rangi iliyokuwapo. Ukishalielewa hili, karibu kila tatizo la uteuzi linaeleweka, na mengine yanageuka kuwa mbinu za kazi.

Chukua ukingo wa mshazari. Pikseli ni miraba midogo, kwa hiyo mshazari ukikatwa kwa ndiyo-au-hapana hutoka na vidaraja. Programu huficha vidaraja hivyo kwa kuzipa pikseli za ukingoni viwango vya kati, na ndiyo kazi ya kisanduku cha “Anti-aliasing” kwenye paneli ya mipangilio ya zana. Kwa uchoraji wa kawaida kiache kimewekwa alama. Kuna kazi moja ambayo lazima kiondolewe, nayo iko mwishoni mwa mwongozo huu.

Sasa angalia kosa linalotokana na viwango hivyo. Umeteua ukuta, ukaupaka rangi ya chokaa iliyozeeka. Ukageuza uteuzi kwa Ctrl+Shift+I, ukapaka mlango kahawia. Ungetegemea rangi mbili zikutane bila pengo, lakini unaona uzi mwembamba wa karatasi nyeupe kati yake. Hesabu yake ni hii: kwenye pikseli ya ukingoni rangi ya ukuta ilifunika asilimia 50. Kahawia ilipokuja ilifunika nusu pia, yaani kahawia 50, ukuta 25, na asilimia 25 ya nyeupe ikabaki inachungulia. Kurudia kupaka hakufai, kwa sababu kunanenepesha ukingo. Dawa ni kutokutanisha rangi mbili ukingo kwa ukingo. Rangi ya chini ipite chini ya ile ya juu kwa pikseli 2 au 3. Katika Krita fungua menyu ya Select, chagua Grow Selection, andika 3, kisha paka leya ya chini. Leya ya juu ipake kwa uteuzi wa kawaida.

Miimo, kizingiti na mabawa: mistari iliyonyooka

Zana ya mstatili (Ctrl+R) inafaa tu mlango ukichorwa ukimtazama mtazamaji moja kwa moja. Ukiuchora kwa pembe, na bawa lililofunguka kidogo daima lina pembe, miimo haiwi tena na kona za digrii 90, na mstatili utakudanganya. Hapo tumia zana ya pembe nyingi.

1. Chagua zana ya pembe nyingi. Kuza mchoro hadi asilimia 200 ili uone kona vizuri.
2. Bofya kona nne za nje za fremu, ukizunguka upande mmoja bila kurukaruka. Bofya mara mbili kwenye kona ya mwisho ili kufunga.
3. Shikilia Alt kwanza, kisha bofya kona nne za ndani, pale mabawa yanapoanzia. Alt hupunguza, kwa hiyo unabaki na miimo miwili, kizingiti cha juu na kizingiti cha chini kama fremu tupu katikati.
4. Nenda kwenye leya ya mlango, chagua kahawia, bonyeza Shift+Backspace. Eneo linajaa rangi ya mbele kwa mara moja.
5. Ondoa uteuzi kwa Ctrl+Shift+A, kisha rudia kwa kila bawa na kwa mfaa, ubao wa wima wa katikati. Mfaa upewe uteuzi wake peke yake, kwa sababu umesimama mbele ya mabawa na utahitaji kivuli chake.

Vitufe vya kuongeza na kupunguza hufuata utaratibu mmoja katika Krita na Photoshop: Shift huongeza kwenye uteuzi uliopo, Alt hupunguza, na Shift pamoja na Alt hubakiza tu pale maeneo mawili yanapokutana. Kinachowakwaza watu ni wakati wa kubonyeza. Kitufe kibonyezwe kabla ya kugusa karatasi. Ukianza kuchora mstatili ndipo ukabonyeza Shift, programu inaelewa kwamba unataka mraba kamili na haiongezi kitu. Kwa hiyo anayetaka kuongeza mraba hubonyeza Shift, huanza kuburuta, huachia Shift, kisha huibonyeza tena.

Kwenye Linux, Alt pamoja na kuburuta mara nyingi husogeza dirisha zima la programu. Badilisha kitufe hicho kwenye mipangilio ya madirisha ya kompyuta yako, au uachane na Alt kabisa na ubonyeze herufi A kwa kuongeza, S kwa kupunguza na R kwa kuanza upya. Herufi hizi hubadilisha hali ya zana na kuiacha hivyo, tofauti na Shift na Alt zinazokoma ukiziachia. Ukisahau zana kwenye hali ya kupunguza, uteuzi wako unaofuata hautatokea na utadhani programu imeharibika.

Nakshi: kuteua kwa kufuata rangi

Hapa ndipo penye kazi kubwa. Kizingiti cha juu cha mlango wa nakshi kinaweza kuwa na mawaridi, mnyororo, samaki, mawimbi na majani yanayojikunja, na kuzungushia kila jani kwa mkono ni adhabu. Zana ya kuteua eneo linaloungana, ile yenye alama ya fimbo, inafanya kazi kwa njia nyingine: unabofya sehemu moja, nayo inasambaa kutoka hapo kwenda pikseli jirani zinazofanana nayo, hadi ikutane na mstari mweusi.

Ifanye isome leya ya mistari huku wewe ukipaka kwenye leya ya mlango. Katika mipangilio yake, sehemu ya rejea iwe All Layers, au, bora zaidi, ile inayosoma leya zenye lebo ya rangi tu, na lebo hiyo uipe leya ya mistari peke yake. Tunapendelea hii ya pili. Ukisoma leya zote, kila rangi unayoongeza inabadilisha kile ambacho zana inakiona, na ubofyaji wa kumi unatoa matokeo tofauti na wa kwanza hata kwenye jani linalofanana. Ukisoma mistari peke yake, matokeo hayabadiliki hadi mwisho wa kazi.

Kinachofuata ni kiwango cha kufanana, yaani rangi iwe tofauti kiasi gani ndipo zana isimame. Krita huhesabu hadi 100, na GIMP na Photoshop huhesabu hadi 255, kwa hiyo usinakili namba kutoka programu moja kwenda nyingine. Katika Krita anza na 20. Ukiona ukanda mweupe kati ya rangi na mstari, panda polepole: 25, 30, 35. Ukiona rangi imekula mstari wenyewe, shuka.

Ukanda huo mweupe una chanzo kilekile cha viwango. Mstari mweusi uliochorwa kwa brashi laini una pikseli za kijivu pembeni mwake. Zana inaposambaa kutoka kwenye nyeupe inakutana na kijivu, inakiona ni rangi tofauti, inasimama kabla ya kufika kwenye weusi. Kupandisha kiwango cha kufanana kunasaidia kwa sehemu tu. Dawa ya uhakika ni kuongeza uteuzi kwa pikseli 1 au 2 kupitia Grow katika mipangilio ya zana yenyewe, ili rangi iingie chini ya mstari. Kwa mistari yenye unene wa pikseli 6 hadi 8, ongeza 2. Kwa mistari ya pikseli 3, ongeza 1 tu, la sivyo rangi itatokeza upande wa pili.

Tatizo la pili ni kuvuja. Unabofya ndani ya ua na bango zima linateuliwa. Maana yake mstari una mwanya mahali fulani, hata wa pikseli moja, na uteuzi umepita hapo. Usianze kushusha kiwango cha kufanana, kwa sababu mwanya hauna rangi ya kusoma. Tendua kwa Ctrl+Z, kuza hadi asilimia 400, na ufuatilie mahali mistari inapokutana. Mianya hupenda kukaa kwenye ncha za majani, pale kalamu ilipoinuliwa. Ama uzibe kwa brashi kwenye leya ya mistari, ama, kama mwanya huo ni wa makusudi na unapendeza, uchore mstari wa kuziba kwenye leya ya muda yenye lebo ileile, uteue, kisha uifute leya hiyo.

Nakshi zinazorudiwa usizipake moja moja. Kamilisha waridi moja na pingili moja ya mnyororo, rangi na kivuli vyote. Zungushia waridi kwa kitanzi cha mkono bila kuhofia ukingo, mradi pembeni yake kwenye leya hiyo pawe tupu, kisha bonyeza Ctrl+Alt+J. Nakala inatokea kwenye leya mpya mahali palepale. Kata na ubandike ya kawaida nayo inafaa, lakini baadhi ya programu hubandika katikati ya skrini na kukuachia kazi ya kurudisha.

Sasa Ctrl+T ili kubadilisha umbo: sogeza, zungusha, pindua kulia na kushoto kwa upande wa pili wa kizingiti. Fanya mabadiliko yote kwa pamoja ndipo uthibitishe kwa Enter. Kila unapothibitisha mzunguko au ukubwa mpya, programu hukisia upya rangi za pikseli, na ukungu kidogo huingia. Waridi lililozungushwa mara tano kidogo kidogo huonekana limefifia kando ya lile lililozungushwa mara moja. Kwa michoro yenye kingo laini chagua ukokotoaji wa Bicubic. Kuongeza ukubwa kunaharibu kuliko kupunguza, kwa hiyo waridi la kwanza lichore kwa ukubwa wa lile kubwa kuliko yote.

Misumari ya shaba ni kazi fupi: zana ya duara (J), shikilia Shift baada ya kuanza ili duara litoke kamili, jaza, weka nukta ya mwanga upande wa juu kulia, nakili.

Kivuli cha fremu ukutani

Bagamoyo inatazama mashariki, na jua la asubuhi hutoka baharini. Kwenye bango letu bahari iko kulia, kwa hiyo mwanga unatoka kulia na vivuli vinaangukia kushoto. Kivuli cha fremu hakihitaji kuchorwa, kwa sababu uteuzi wake tayari unao.

Kwenye orodha ya leya, shikilia Ctrl na ubofye picha ndogo ya leya ya mlango. Kila kilichopakwa kwenye leya hiyo kinateuliwa, pamoja na viwango vyake vya kati. (Photoshop ni vilevile, GIMP hutumia Alt.) Ukiwa bado na zana ya uteuzi, buruta ndani ya eneo pikseli 30 kushoto na 20 chini. Hapo unasogeza mpaka peke yake, rangi haisogei. Anayechukua zana ya kusogeza, T katika Krita, husogeza rangi pia, na kuna wengi waliong'oa mlango ukutani kwa namna hiyo.

Kisha Select, Feather Selection, andika 12. Kwa nukta 300 kwa inchi, pikseli 12 ni takriban milimita moja kwenye karatasi, nao ni ulaini wa kutosha kwa kivuli kilicho karibu na kitu chake. Tengeneza leya mpya kati ya ukuta na mlango, jaza kahawia yenye ubuluu kidogo, shusha ukolezi wa leya hadi asilimia 40. Kivuli cheusi tii ukutani kinaufanya mlango uonekane umebandikwa.

Tanga

Ukingo wa tanga ni mrefu na una upinde mmoja tulivu. Mkono unaoufuata kwa kitanzi utatetemeka mahali fulani, na tanga linalotetemeka linaonekana chakavu. Zana ya mkunjo wa beziya ndiyo yake. Bofya bila kuburuta ili kuweka kona, bofya na kuburuta ili kuweka mkunjo.

Tanga la pembe tatu linahitaji nukta nne au tano tu. Weka ya kwanza pale tanga linapoanzia mbele, kwenye ncha ya chini ya foromali, ule mti unaobeba tanga. Ya pili weka katikati ya foromali, yenye mkunjo mdogo, kwa sababu foromali hupinda kidogo upepo ukijaa, na ya tatu kwenye ncha yake ya juu. Ya nne iwe kwenye pembe ya nyuma, inayoshikwa na demani, kamba ya kuvutia tanga, huku ukiburuta ili upande wa nyuma upinde. Funga kwa kurudi kwenye nukta ya kwanza. Ukijikuta una nukta kumi na tano, anza upya: nukta nyingi huleta mabonde.

Baada ya kujaza, usiondoe uteuzi. Sasa ndiyo ngao yako: chukua brashi kubwa laini, pikseli 300 au zaidi, na upake kivuli kwa mikono mipana ukivuka nje ya tanga bila wasiwasi. Mikono mifupi yenye woga wa ukingo ndiyo inayotoa tanga lenye madoa. Kwa mikunjo ya kitambaa, chukua kitanzi, shikilia Shift na Alt, na uchore ukanda unaovuka tanga lote kutoka foromali kwenda pembe ya nyuma. Kinachobaki ni sehemu ya ukanda iliyo ndani ya tanga tu. Lainisha kwa pikseli 20 hivi, paka kivuli kwa ukolezi mdogo, kisha rudisha uteuzi wa tanga zima kwa Ctrl na kubofya picha ndogo ya leya yake.

Mlingoti na mirengu, ile miti ya pembeni inayosawazisha ngalawa, ni pembe nyingi tena. Kamba ni jambo jingine.

Kamba na makuti

Usiteue kamba ili uipake. Kamba ya pikseli 4 ikilainishwa kwa Feather ya 5 haina pikseli hata moja inayobaki na kiwango kamili, na katika programu nyingi mstari wa vidoti hutoweka kabisa, kwa sababu huchorwa pale tu kiwango kinapozidi nusu. Uteuzi upo, lakini hauonekani na rangi inatoka hafifu. Kamba ichore moja kwa moja kwa brashi kwenye leya yake, kisha ukitaka kuitia kivuli, funga uwazi wa leya hiyo kwa alama ya kufuli ya uwazi kwenye orodha ya leya. Brashi itagusa tu mahali palipo na rangi tayari.

Kwa kweli kufuli hiyo inaweza kuchukua nafasi ya nusu ya teuzi ambazo watu hufanya. Kama kitu kiko peke yake kwenye leya na unataka kubadili rangi ndani yake, hakuna haja ya kuteua. Uteuzi unahitajika pale unapotaka kugawa kitu, kukisogeza, kukikata, au kujaza mahali palipo patupu.

Makuti ya minazi ukiyachora mwenyewe yafuate njia ya kamba. Kama unayatoa kwenye picha ya simu, usiyateue makuti. Teua anga. Anga la asubuhi lina rangi chache zinazokaribiana, wakati kuti moja lina kijani, njano, kahawia na weusi. Tumia zana ya rangi zinazofanana, kwa sababu inateua rangi hiyo popote ilipo, hata kwenye vipande vya anga vilivyonaswa kati ya makuti ambavyo zana ya eneo linaloungana haiwezi kufika. Geuza uteuzi kwa Ctrl+Shift+I, punguza kwa pikseli 1 kupitia Shrink, kisha Ctrl+Alt+J. Ikibaki mng'ao wa anga kwenye ncha, funga uwazi wa leya na uupake kijani iliyokolea kwa brashi ndogo.

Mwakisi wa ngalawa majini

Uteuzi wenye kiwango kinachoshuka polepole ndio unaofanya kazi hii.

1. Nakili leya ya ngalawa kwa Ctrl+J. Kwa Ctrl+T ipindue juu chini, ishushe hadi sehemu za chini zikutane, na uifupishe kidogo.
2. Ondoa uteuzi wote. Kwenye menyu ya Select washa Show Global Selection Mask. Kwenye orodha ya leya inatokea leya ya uteuzi; ibofye.
3. Chukua zana ya mteremko wa rangi, nyeusi na nyeupe. Buruta kutoka usawa wa maji, ambapo pawe peusi, hadi mwisho wa mwakisi, ambapo pawe peupe. Umechora uteuzi: karibu na ngalawa 0, chini kabisa 255.
4. Rudi kwenye leya ya mwakisi. Hatua hii husahaulika kuliko zote. Bonyeza Delete. Mwakisi unafifia kadiri unavyoshuka.
5. Ondoa uteuzi. Kwa kitanzi, teua vipande vyembamba vya mlalo, na kwa zana ya kusogeza peleka kila kimoja pikseli 5 hadi 10 kulia au kushoto. Viwe na unene usiolingana, vipana zaidi karibu na mtazamaji.

Leya hiyo ya uteuzi inakubali brashi yoyote. Nyeupe inaongeza, nyeusi inaondoa, kijivu inateua kwa sehemu. Kwa povu la mawimbi na mchanga uliolowa, kupaka uteuzi kwa brashi yenye mikwaruzo ni haraka kuliko zana nyingine yoyote. GIMP inayo kwa Shift+Q, Photoshop kwa Q.

Brashi inapogoma

Ukipaka na hakuna kinachotokea, bonyeza Ctrl+Shift+A kabla ya kufikiri lolote (Photoshop ni Ctrl+D). Mara nyingi kalamu iligusa karatasi ukiwa na zana ya mstatili na kuacha uteuzi wa pikseli mbili kwenye kona usiyoiona. Kama bado, angalia leya uliyopo: huenda imefichwa, imefungwa, au ni ile leya ya uteuzi. Na kama vidoti havionekani lakini brashi inakoma mahali fulani, huenda umevificha kwa Ctrl+H bila kujua.

Rangi ikitoka hafifu kila mahali ndani ya eneo, uteuzi umelainishwa kupita kiasi. Usipake mara tatu ili ikolee. Teua upya. Na uteuzi uliokuchukua muda mrefu usiuache hewani: ujaze rangi yoyote kwenye leya iliyofichwa, kisha uuite wakati wowote kwa Ctrl na kubofya picha yake ndogo. Kwa umeme wa kukatika, hiyo ni salama kuliko kutegemea kumbukumbu ya programu, mradi faili limehifadhiwa.

Kwenye simu

Zana ni zilezile, kidole ndicho kinene. Kuza hadi kitu unachoteua kijaze skrini, na pendelea kuteua kwa rangi au kwa leya kuliko kuzungushia.

Bango likienda kwenye fulana

Kwa uchapaji wa skrini, ambapo wino husukumwa kupitia wavu uliokazwa kwenye fremu, kila rangi hupata fremu yake, na wino haujui nusu: ama unapita, ama haupiti. Viwango vya kati vya ukingoni vitatoka vikiwa vidaraja vya ovyo au madoa. Kwa kazi hii ondoa alama kwenye Anti-aliasing kabla ya uteuzi wa kwanza, usitumie Feather popote, na fanya kazi kwa rangi tatu au nne bapa. Ili kuzitenganisha, chagua zana ya rangi zinazofanana, shusha kiwango cha kufanana hadi 1, bofya rangi moja, nenda kwenye leya mpya, jaza nyeusi. Rudia kwa kila rangi.

Kitambaa husogea kidogo kati ya fremu na fremu, kwa hiyo rangi nyepesi zipanue kwa Grow ya pikseli 3 hadi 6, yaani robo hadi nusu milimita, ziingie chini ya rangi nzito. Mistari mieusi usiipanue. Yenyewe huchapwa mwisho na kufunika maungio yote.